Mulongo Alipofunga Mdomo

Siku zile watu wa mtaa wa Maringo, Nairobi, hawakuhitaji saa kujua kwamba Mulongo ametoka kazini. Walimsikia. Alianza kusalimia watu tangu kule kwa fundi wa viatu, akamalizia ubishi wa jana na muuza maji, akacheka, na kicheko chake kikafika nyumbani kabla yake. Triza, mkewe, alikuwa akikisikia kile kicheko ndipo anaongeza maji kwenye sufuria ya chai.

Tusimwonee. Mulongo alitoka Chwele kule Bungoma mwaka wa themanini na moja, akaandikwa kazi kwenye kiwanda kimoja cha mablanketi pale Industrial Area, akapewa mtambo wa kufuma. Sasa wewe simama katikati ya mitambo ishirini ya kufuma, halafu umwombe mwenzako uzi kwa sauti ya kanisani. Hakusikii. Pale huombi, unanguruma, na miaka kumi na mitatu ya kunguruma ilikuwa imemkaa Mulongo kooni. Lakini nisimtetee kupita kiasi pia. Kuna watu waliofanya kazi kwenye mitambo hiyo hiyo, wakarudi nyumbani, wakazungumza na wake zao kama watu. Mulongo alikuwa na hasira za karibu tangu utotoni, na hasira zake zilikuwa na ulimi. Mkono hakuinua hata siku moja, Triza mwenyewe angekuapia. Lakini wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na huyu bwana alijikwaa wake kila siku ya Mungu.

Na ulimi huo huo ndio uliomfanya apendwe. Jumamosi akitoka City Stadium kutazama timu yake ya Ingwe, alipanda juu ya kigoda nje ya mlango, binti yake Nafula mabegani, akautangaza mchezo mzima upya kwa ajili ya wale ambao hawakwenda. Ila majina ya wachezaji aliyaondoa, akaweka ya majirani. "Kimeu anapata mpira! Kimeu anamtazama Kavutha! Jamani, Kimeu amesahau kwamba ana mguu wa kushoto!" Kimeu, jirani wa ukuta mmoja, karani mtu wa Machakos, alicheka mpaka akashika mlango. Nafula alipiga makofi juu ya kichwa cha baba yake. Triza naye alijifanya anapepeta mchele, na mchele ulikuwa umepepetwa zamani.

Basi ikaja Aprili ya tisini na nne.

Mama yake Triza alikuwa amekuja Nairobi kutibiwa macho. Kwao Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawaonani ovyo. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia. Kwa hiyo mama alifikia kwa Lenah, mdogo wake Triza, kule Mbotela. Asubuhi hiyo alikuja kumwona mjukuu wake, akijua Mulongo yuko zamu ya usiku na hatarudi kabla ya saa nne. Lakini stima ilipotea kiwandani, wakaachiliwa mapema. Saa mbili, Nafula akiwa ametoka kucheza, mama akasikia viatu vya mkwe mlangoni. Nyumba yenyewe ni chumba kimoja. Angekimbilia wapi? Akaingia nyuma ya pazia la kitanda, mahali ambapo mama mkwe hapaswi hata kupaota, akasimama pale akishika pumzi.

Mulongo akaingia. Ana usingizi, ana njaa, na mezani anaona vikombe vitatu na mkate mzima uliokatwa vipande vinene. Hakuuliza. Laiti angeuliza tu. Akadhani Triza amealika wanawake wa ploti kuja kula jasho lake, na mdomo ukaondoka peke yake. Alimwambia Triza kwamba kwao hawajawahi kuona mkate. Alimwambia kwamba mama yake alimlea kwa njaa, ndiyo maana akipata chakula anakuwa kama nzige. Aliyasema kwa sauti ya kiwandani, na Triza, ambaye siku nyingine angemjibu, safari hii alisimama tu akitazama pazia. Mulongo naye akatazama pazia. Chini yake akaona viatu viwili vya raba, vya mama mtu mzima, vimepangwa sawasawa.

Mkate huo alikuwa ameuleta mama mkwe.

Alitoka nje mbio, akazunguka nyuma ya choo, akasimama huko akijishika kichwa, kwa maana hata kuomba msamaha asingeweza. Angeusema kwa nani, na macho ayaweke wapi? Aliporudi, nyumba ilikuwa tupu. Chai ilikuwa imebaki vikombeni. Kesho yake Triza alipanda basi la Bungoma na mama yake na Nafula. Kwa Lenah aliacha ujumbe mmoja: "Mwambie asije na wazee wala asilete mbuzi. Mimi sirudi kwa mbuzi. Nitarudi nikisikia amekuwa mtu mwingine."

Hivyo ndivyo Mulongo alivyobaki. Kwenye msumari kulikuwa na kitambaa cha kichwa cha Triza, cha maua ya manjano, ambacho aliondoka akakisahau. Mulongo hakukitoa wala hakukifua. Kwenye mwimo wa mlango kulikuwa na alama za penseli za kimo cha Nafula, ya mwisho ikimfika baba yake kwenye mkanda, na kila asubuhi akitoka aliipitishia kidole, akijiuliza sasa ingefika wapi. Beseni la kumwogeshea mtoto alilifunika chini ya meza asilione, kisha akawa analiona vilevile. Alimkumbuka Triza mpaka akawa anapika chakula cha watu watatu, anakitazama, anampelekea Kimeu. Barua aliandika tano. Alijibiwa moja, yenye mstari mmoja: Nafula ameanza shule, hajambo.

Sasa, jinsi alivyoingia kwenye mambo ya kimya, hata yeye akisimulia huwa anacheka kidogo.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, miezi mitatu baadaye. Alikuwa akitembea tu mtaa wa Jericho, maana nyumbani hakukaliki. Akapita kwenye darasa la shule ya nasari, mlango wazi, akaona wazee kama kumi wamekaa kwenye viti vya watoto, vichwa chini, hakuna anayesema. Mulongo akajua ni matanga. Mtu hapiti kwenye matanga. Akavua kofia, akaingia, akakaa nyuma, magoti yakamfika kidevuni, akangoja aambiwe ni nani amefariki. Akangoja. Nje jogoo walikuwa wakiwika, mtu akawasha redio, mtu akaizima. Saa nzima ikapita, hakuna aliyelia, hakuna aliyeimba. Kisha bibi mmoja mwenye sweta ya kijani akampa mwenzake mkono, na wote wakaanza kupeana mikono na kutabasamu.

"Mama, pole," Mulongo akamwambia yule bibi. "Nani ametuacha?"

"Hakuna, mwanangu. Leo tuko hai sote."

Huyo ndiye Mama Nabiswa, mkunga mstaafu, mtu wa Webuye. Akamweleza kwamba wao ni waumini wa Kanisa la Marafiki, wale waitwao Quakers. Marafiki wengi wa siku hizi wana kwaya na ngoma, lakini hawa wachache walishika desturi ya kizamani: unakaa, unanyamaza, unangoja. Mtu akisukumwa kusema, anasimama, anasema, anaketi. Asiposukumwa, hasemi. Saa tatu na nusu wanawaachia darasa watu wa kanisa la ngoma, kila mtu anaenda zake.

Mulongo alirudi nyumbani akifikiria jambo moja tu: saa nzima, na mdomo wangu umekaa ndani. Akaona mlango wa kumrudisha Triza umefunguka. Akawa haachi Jumapili hata moja. Nyumbani pia akawa anakaa, alfajiri kabla ya kazi, nusu saa kwenye kigoda kile kile cha kutangazia mpira.

Wiki za kwanza ilikuwa vita. Akifumba macho, anamsikia msimamizi wa kiwanda, anamjibu. Anamsikia muuza maji, anamjibu. Anamsikia Triza akinyamaza, anafumbua macho. Alishangaa sana kugundua kwamba hasira yake huwa na hatua: kwanza masikio yanapata joto, kisha shingo, kisha ndipo maneno. Miaka thelathini na tano alikuwa amejua maneno peke yake.

Kimeu hakuamini. Alikuwa na msimamo wake kuhusu tabia za watu, na aliusema akiwa amekalia ndoo mlangoni kwa Mulongo. "Tabia ni ngozi, jirani. Wale wazee wa Jericho wamekaa kimya kwa sababu ni watu wa kimya. Mpole ndiye anayependa kukaa. Wewe ukikaa, ni pilipili imekaa. Si bado ni pilipili?"

Mulongo alilipeleka neno hilo kwa Mama Nabiswa, maana lilimnyima usingizi. Bibi akafikiri.

"Huyo jirani yako ana nusu ya ukweli," akasema. "Umemwona Mzee Wanyonyi? Alizaliwa mpole. Anakuja, anakaa, analala usingizi, anaamka mpole. Kimya hakijamwongezea kitu. Mimi nilizaliwa mwoga. Kila mama niliyemzalisha, niliogopa atanifia mkononi. Nimekaa kimya miaka thelathini, na bado mimi ni mwoga. Tofauti ni kwamba sasa huyo mwoga akija, ninamjua. Ninampa kiti, ninaendelea na kazi."

"Kwa hiyo sitabadilika?"

"Sijasema hivyo. Nimesema kimya si gundi ya mdomo."

Lakini mtu mwenye hamu husikia anachotaka. Mulongo alitaka gundi. Alipiga hesabu yake ya kienyeji: mabaya yote yaliyomharibia nyumba yalitoka mdomoni, basi mdomo ufungwe. Akaacha kubishana na muuza maji. Hilo jema. Akaacha pia kumsalimia fundi wa viatu kutoka mbali. Akaacha kwenda City Stadium, kwa sababu mpira humtia kelele. Akaacha kucheka kwa sauti. Kiwandani vijana walimwuliza, "Mzee, niaje, unaumwa?" Akatikisa kichwa. Mwaka ukapita, na wa pili ukaelekea kwisha. Huko Jericho hakuwahi kusimama kusema hata neno moja, na akajisifu moyoni kwa hilo. Jumamosi jioni Kimeu alikaa nje akitazama kile kigoda kitupu. Siku moja akasema, bila utani, "Nyumba yako imekuwa baridi, bwana."

Agosti ya tisini na sita, Lenah akaja mbio kutoka Mbotela.

"Mulamwa, wanakuja," akasema, akikalia kitanda bila kukaribishwa, kama shemeji wa kweli. "Mama anarudi kwa daktari wa macho. Triza anamleta, na mtoto. Nimemwambia umebadilika, hata kukohoa unakohoa polepole. Amesema Jumamosi saa nne atakuja kujionea."

Siku zile nne Mulongo hakula vizuri. Alifua pazia. Alikipangusa kile kitambaa cha manjano vumbi, akakirudisha msumarini. Alinunua mkate, akaukata vipande vinene, akapanga vikombe vitatu mezani, kisha akaogopa mpango huo, akaubadilisha. Moyoni alikuwa na maneno ya miaka miwili. Jumamosi alfajiri akakaa kwenye kigoda saa nzima, akijiambia: usiharibu, usiharibu.

Triza akaingia. Alikuwa amekonda kidogo usoni, amevaa sweta ambayo Mulongo hakuijua, na Mulongo alipomwona, akapangusa kiti kilichokuwa kimepanguswa tayari. Nyuma ya sketi yake kulikuwa na msichana wa miaka minane, mrefu, mwenye macho ya Triza.

"Karibuni," Mulongo akasema polepole. "Keti, Mama Nafula."

Kisha akanyamaza, akingoja neno liive, kama alivyojifunza Jericho.

Triza akauliza kazi inaendaje. Akajibu inaendelea. Akauliza kama Kimeu yupo. Akajibu yupo. Akamwambia kwamba Nafula alikuwa wa tatu darasani. Ndani ya Mulongo mtu alipanda juu ya kigoda na kupaza sauti mtaa mzima usikie, lakini yule wa nje akatikisa kichwa, akasema, "Vizuri." Nafula alipochukua chai, kikombe kikamponyoka, kikavunjika sakafuni. Mtoto akaruka nyuma ya mama yake. Masikio ya Mulongo hata joto hayakupata. "Si kitu," akasema, akaokota vipande kimoja kimoja, bila kuinua macho.

Triza alikuwa akimtazama. Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Baba Nafula, nimeona hutanitukana tena," akasema. "Nimeridhika na hilo. Lakini nimekaa hapa nusu saa, na sijui nimekuja kumwona nani. Mtoto ameniambia njia nzima kutoka Bungoma, baba atatangaza mpira. Mimi nilikimbia matusi. Sikumkimbia yule mtu mwingine. Huyo ulimpeleka wapi?"

Mulongo akafungua mdomo. Maneno yalikuwa mengi, yote yakafika mlangoni pamoja, na hakuna lililotoka. Triza akangoja. Kisha akamshika mtoto mkono. "Tunasafiri kesho saa nane," akasema, na wakaondoka. Nafula aligeuka mara moja. Alama ya penseli ilimfikia sasa begani.

Kimeu alikuwa amesikia yote ukutani, kwa maana kuta za Maringo hazina siri. Alikuja akasimama mlangoni, mikono mfukoni. "Umepiga rangi nyumba mpaka ukaziba madirisha," akasema, akaondoka kabla hajaanza kulia yeye mwenyewe.

Jumapili asubuhi Mulongo alikwenda Jericho kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Akakaa kwenye kiti cha mtoto, akafumba macho. Na kule ndani, badala ya msimamizi na muuza maji, akajiona mwenyewe: si mtu mpya, yule yule wa Chwele, mwenye mdomo, mwenye hasira za karibu, mwenye kicheko, amekaa kigodani miaka miwili akimngoja mgeni ambaye hatakuja. Moyo ukaanza kumpiga. Wazee walikuwa wamemwambia, moyo ukikupiga hivyo, simama. Akasimama, kwa mara ya kwanza. Vichwa vikainuka.

"Samahani," akasema. "Nina neno, lakini si lenu."

"Basi mpelekee mwenyewe," Mama Nabiswa akamwambia.

Kutoka Jericho hadi Mbotela si mbali kwa mtu anayekimbia. Lenah alikuwa nje akianika shuka. Alipomwona akainua mkono uliojaa sabuni. "Mulamwa, simama hapo hapo. Mama yuko ndani." Mlango ulikuwa wazi, pazia la mlangoni limeshuka. Chini yake Mulongo aliona viatu viwili vya raba.

Akasimama pale kwenye kamba ya nguo, na safari hii alijua vizuri nani yuko nyuma ya pazia.

"Mama," akasema, na sauti ikatoka yote, ile ya kiwandani, mpaka wanawake wa mferejini wakageuka. "Ni Mulongo. Mwaka juzi nilisema ulimlea binti yako kwa njaa. Nilisema hivyo mbele ya mkate wako. Nimekosa. Sikuwa na mahali pa kuweka uso, na mpaka leo sina, ndiyo maana nasimama huku nje." Akavuta pumzi. "Triza, jana niliogopa. Nilifunga mdomo nikidhani nitakuwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine hakuja. Ni mimi yule yule. Hasira ninazo. Ila sasa zikianza nazisikia masikioni kabla hazijafika mdomoni, na naweza kuzingoja zipite. Hilo tu ndilo nililopata, sina jingine la kukudanganya. Nimewakumbuka. Nimewakumbuka kila siku. Nafula, jana sikutangaza mpira kwa sababu sikuuona. Sijakanyaga uwanjani tangu mlipoondoka. Na wa tatu darasani, mwanangu, wa tatu! Nilitaka kupiga kelele, nikaogopa."

Akaishia hapo. Mulongo wa zamani angeendelea mpaka awajibie hata wengine. Huyu alinyamaza, akangoja, na kungoja alikuwa anakujua. Shuka zilidondosha maji. Lenah alisimama na kibanio cha nguo mdomoni. Viatu vya raba havikusogea. Dakika zikapita, nyingi, na Mulongo hakuongeza neno.

Pazia likafunguka kidogo, Nafula akatoka, mikono nyuma kama mtu aliyetumwa.

"Kukhu anasema amesikia," akasema, akimaanisha bibi yake. "Anasema amekuja Nairobi kutibiwa macho, masikio yake ni mazima. Wakati mwingine upunguze sauti."

Ndani, nyuma ya pazia, mtu akacheka. Mulongo alikijua kile kicheko cha Triza, na ilimbidi ashike kamba ya nguo.

"Kukhu amekunywa chai?" akamwuliza mtoto, kwa sauti ndogo.

"Bado. Hakuna mkate."

Mulongo akaenda dukani. Baadaye Lenah alimwambia kwamba walimsikia akirudi kabla hajakata kona, akimweleza mwenye duka na kila aliyekutana naye kwamba binti yake ni wa tatu darasani, na kwamba Triza aliinuka bila kusema kitu, akaongeza maji kwenye sufuria ya chai.